Mark Donohue: Dereva aliyezishinda mbio kabla ya kuingia uwanjani

MASHABIKI wa mbio za magari wanapowataja madereva hodari wa Marekani wa miaka ya 1960 na 1970, majina ya Mario Andretti na A.J. Foyt ndiyo hutangulia. La Mark Donohue huja baadaye kidogo, na aghalabu huja likiwa limeambatana na neno mhandisi.

Hakuna kosa katika hilo. Donohue hakuwa dereva wa kutegemea jicho na ujasiri peke yake. Aliamini kwamba gari likishindwa kukata kona sawasawa ipo sababu, na kwamba sababu hiyo yaweza kupimwa, kuandikwa na kuondolewa kabla ya bendera ya kijani kupeperushwa. Imani hiyo ilimpatia mataji katika karibu kila aina ya mbio zilizokuwapo nchini mwake. Ndiyo pia inayofanya kifo chake, kilichotokea Agosti 1975 akiwa na umri wa miaka 38, kiwe kigumu kukisimulia, kwani kilianzia katika tairi, kifaa ambacho alikuwa amekichunguza kuliko madereva wengi wa zama zake.

Alizaliwa Machi 18, 1937 katika jimbo la New Jersey na kukulia katika mji wa Summit. Mwaka 1959 alihitimu shahada ya uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence. Alipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, akiwa na miaka 22, aliliingiza gari lake aina ya Corvette la mwaka 1957 katika mbio za kupanda mlima huko New Hampshire. Yalikuwa mashindano yake ya kwanza, naye akashinda.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo alikuwa dereva wa ridhaa. Mwaka 1961 alitwaa ubingwa wa taifa wa madereva wa ridhaa akiendesha gari dogo la Kiingereza liitwalo Elva Courier. Aliyemvusha kutoka daraja hilo ni Walt Hansgen, dereva mkongwe aliyemwazima gari, akamtafutia nafasi, na mwaka 1965 akamchukua kuwa mwenzake katika mbio za saa 12 za Sebring. Aprili 1966 Hansgen aliumia vibaya wakati wa majaribio huko Le Mans, Ufaransa, akafariki dunia. Ni katika mazishi yake ndipo Roger Penske, dereva aliyeacha mbio mapema ili aendeshe biashara ya kuuza magari, alipomwendea Donohue na kumwomba amwendeshee.

Ushirikiano huo haukuanza vizuri. Katika mashindano ya kwanza, Juni 1966 huko Watkins Glen, Donohue aliligonga gari la Penske aina ya Lola likaharibika kabisa. Tajiri mwingine angemwonyesha mlango. Penske alimbakiza, na hapana shaka hakuwahi kufanya uamuzi ulio bora zaidi katika maisha yake ya michezo. Mwaka uliofuata Donohue alishinda mbio sita kati ya nane za ubingwa wa magari ya spoti wa Marekani, na mwaka 1968 akautetea ubingwa huo.

Hata hivyo, gari lililoonyesha hasa alikuwa mtu wa namna gani lilikuwa Chevrolet Camaro. Lilikuwa gari la kawaida la dukani, lenye injini nzito mbele, na nyuma lina ekseli moja ngumu iliyoshikiliwa na springi za vyuma bapa, za namna ile ile inayobeba malori. Mbio za Trans-Am, zilizoanzishwa mwaka 1966, ziliruhusu magari ya aina hiyo yarekebishwe, lakini yabaki na umbo lile ambalo mteja angelinunua. Mwaka 1967 Camaro ya Penske ilikuwa na nguvu ya kutosha katika nyoofu, ila kwenye kona haikutii. Ilishinda mbio tatu tu kati ya 12.

Ili kuelewa alichokifanya Donohue, yafaa kueleza kwanza jambo linalolipata gari katika kona. Gari likiingia kona kwa kasi, bodi hulala upande wa nje. Uzito huyahama magurudumu ya ndani na kuyaangukia ya nje. Sasa tairi lina tabia moja ambayo haionekani kwa macho: ukiliongezea mzigo mara mbili, uwezo wake wa kushika lami huongezeka, lakini haufiki mara mbili. Kwa hiyo kadiri uzito unavyorundikana juu ya tairi moja, ndivyo jozi nzima ya matairi inavyopoteza. Ikiwa jozi ya mbele ndiyo inayopoteza zaidi, dereva hukata usukani na pua ya gari hukataa kuingia. Ikiwa ni ya nyuma, mkia hutoroka na gari hujizungusha.

Mbele na nyuma ya gari huwekwa chuma cha mviringo kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili kuzuia mlalo. Chuma hicho kikiwa kinene mbele, tairi la mbele la nje hubeba zaidi na mkia hutulia. Kikiwa kinene nyuma, mambo hugeuka. Springi, shokapu, pembe ambayo gurudumu limeinamia na upepo uliomo ndani ya tairi vyote huingia katika hesabu hiyo hiyo moja. Ukigusa kimoja umevigusa vyote.

Madereva wa enzi hizo walikuwa na njia yao ya kulitatua jambo hilo. Waliendesha mizunguko michache, wakarudi gereji, wakawaeleza mafundi walivyohisi, mafundi wakabadilisha kitu, safari ikaanza upya. Tatizo ni kwamba hisia za dereva hudanganya. Gari linaloteleza na kutisha huonekana lina kasi, na lile tulivu huonekana zito, ilhali saa inasema kinyume.

Donohue na wahandisi waliomsaidia walikwenda kwenye duara. Walichora mviringo juu ya uwanja mpana wa lami na kuliendesha gari humo, likizunguka na kuzunguka kwa kasi ya juu kabisa ambayo matairi yangeistahimili, huku mtu amesimama na saa. Hapakuwa na ushujaa wowote hapo, na mtazamaji angechoka baada ya dakika tano. Lakini duara halidanganyi. Ukijua nusukipenyo chake na muda wa mzunguko mmoja, hesabu ya sekondari inatosha kukuambia matairi yanashika kwa kiasi gani. Chukua duara lenye nusukipenyo cha meta 30. Gari likilizunguka kwa sekunde 11, linahimili msukumo wa pembeni unaokaribia kulingana na uzito wake lenyewe. Likitumia sekunde 10.7, uwezo wa kushika umepanda kwa zaidi ya asilimia 5. Sehemu tatu za kumi za sekunde ni kitu ambacho dereva hawezi kukihisi mwilini, saa inakiona.

Kanuni ilikuwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Chuma cha mbele kinene zaidi, duara tena. Upepo upunguzwe kidogo, duara tena. Gurudumu liinamishwe kiasi, duara tena. Baada ya siku nzima ya kazi hiyo ya kuchosha, gari lilikuwa limesawazishwa kiasi kwamba mbele na nyuma yalikaribia kufikia kikomo kwa pamoja, na ndipo lilipopelekwa kwenye uwanja halisi wenye mabonde, breki na kona za haraka, ambako marekebisho mengine yalifuata.

Tairi nalo lilisomwa kwa joto. Gari lilipoingia tu kutoka uwanjani, fundi alichoma sindano ya kipimajoto katika mpira sehemu tatu, yaani upande wa ndani, katikati na upande wa nje. Katikati pakiwa na joto kupita kando, upepo ni mwingi. Kando pakizidi katikati, upepo haujatosha. Upande wa ndani ukichemka peke yake, gurudumu limeinama kupita kiasi na sehemu iliyobaki ya tairi haifanyi kazi. Vipimo hivyo vilitumika katika kambi nyingi za mbio. Katika kambi ya Penske viliandikwa na kutunzwa, vikalinganishwa na vya wiki iliyopita na vya mwaka uliopita.

Inafaa kuongeza neno hapa kwa ajili ya vijana wa mijini wanaokata springi za magari yao ili yalale chini na kufanana na ya mbio. Springi iliyokatwa hulishusha gari kweli, lakini huifupisha safari ya gurudumu, na kwenye tuta la kwanza chuma hugonga chuma. Gurudumu likiruka juu, tairi haligusi lami, na tairi lisilogusa lami halina cha kushika hata lingekuwa la bei gani. Gari la mbio hukaa chini kwa sababu kitovu cha uzito kikishuka, mzigo unaohama katika kona hupungua. Na kila sentimita inayoshushwa hulipiwa kwa springi ngumu zaidi na shokapu zinazolingana nazo. Gari la Safari Rally huinuliwa kwa sababu hizo hizo zikiwa zimegeuzwa.

Matunda yalionekana mwaka 1968. Donohue alishinda mbio 10 kati ya 13 za Trans-Am na kutwaa ubingwa, kisha akaurudia mwaka 1969. Mwaka 1971 alitwaa taji hilo kwa mara ya tatu, safari hii akiwa na AMC Javelin, gari la kampuni ambayo watu wengi hawakuwa wakiihusisha na ushindi wa aina yoyote.

Haitakuwa haki kumsifu kwa elimu yake na kunyamazia ujanja. Kambi ya Penske ilizisoma sheria kama wakili anavyousoma mkataba, ikitafuta kilichosahauliwa kuandikwa. Bodi ya Camaro ilichovywa katika tindikali ili mabati yaliwe na kuwa membamba, gari likawa jepesi kuliko la mshindani. Mnara mrefu wa mafuta ulijengwa ili petroli ishuke kwa uzito wake na kujaza tangi kwa sekunde chache, hadi wasimamizi walipoingilia kati. Donohue hakuyaficha hayo. Katika kitabu chake, The Unfair Advantage, alichokiandika pamoja na Paul Van Valkenburgh na kutoka mwaka 1975, anayaeleza gari baada ya gari, makosa yake yakiwa wazi kuliko ushindi. Jina la kitabu lilitokana na msemo wa kambi hiyo: kuwa na faida ambayo mpinzani angeiona si ya haki, hata kama sheria haikuvunjwa.

Kwa tabia alikuwa mpole na mwenye adabu, uso wake wa mviringo ukimfanya aonekane kama mwalimu kuliko dereva, na waandishi wa habari walimpachika lakabu ya Kapteni Mwema. Waliofanya naye kazi walimfahamu kwa upande mwingine pia, wa mtu asiyelala. Alikuwa akiliendesha gari mchana na kulifungua usiku pamoja na mafundi.

Mei 1972 aliipatia kambi ya Penske ushindi wake wa kwanza katika mbio za maili 500 za Indianapolis, akiwa na McLaren M16B. Wastani wa kasi yake ulikuwa karibu kilomita 262 kwa saa, rekodi iliyodumu miaka kadhaa. Kati ya mizunguko 200 aliongoza 13 tu ya mwisho. Mwenzake wa kambi hiyo hiyo, Gary Bettenhausen, aliyekuwa ameongoza sehemu kubwa ya mbio, aliishiwa na injini.

Wakati huo kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ikiendelea Ujerumani. Kiwanda cha Porsche kilitaka kuingia katika mbio za Can-Am za Marekani Kaskazini, ambazo karibu hazikuwa na sheria za kuzuia nguvu, na kilimchagua Penske kuwa mwakilishi wake. Mwishoni mwa mwaka 1971 Donohue alikwenda Weissach, kituo cha majaribio cha Porsche, alikofanya kazi na mhandisi Helmut Flegl. Injini ya silinda 12 yenye turbo ilikuwa na nguvu ya ajabu na adabu mbaya: dereva alikanyaga, hakikutokea kitu, kisha kila kitu kikatokea kwa pamoja. Ilichukua miezi kuirekebisha ili iitikie mguu wa dereva, na chasisi nayo ilihitaji kazi hiyo hiyo ya duara, springi na matairi.

Julai 1972, akifanya majaribio huko Road Atlanta, kipande cha bodi ya nyuma kiling'oka gari likiwa katika kasi kubwa. Gari lilisambaratika, na Donohue akatoka akiwa ameumia vibaya mguu. George Follmer alikabidhiwa usukani na kuutwaa ubingwa wa mwaka huo kwa gari ambalo Donohue alikuwa amelitengeneza. Hilo lilimuuma kuliko mguu.

Jibu lake lilikuwa Porsche 917/30. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma uliongezwa hadi meta 2.5 ili gari litulie, mkia ukarefushwa, na injini ya lita 5.4 ikatoa takriban nguvu za farasi 1,100. Mwaka 1973 Donohue alishinda mbio sita za mwisho kati ya nane za Can-Am, mfululizo. Hapakuwa na aliyemkaribia. Kuna wanaosema gari hilo liliyaua mashindano hayo kwa kuondoa ushindani, ingawa sheria mpya za matumizi ya mafuta, zilizokuja baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka huo, zilichangia.

Wapo waliokuwa wakinong'ona kwamba Donohue hushinda kwa kuwa gari lake ni bora. Kwa kiasi fulani ni kweli, kwani yeye ndiye aliyelifanya kuwa bora. Lakini mwishoni mwa mwaka 1973 yalianzishwa mashindano yaliyowakutanisha madereva 12 nyota katika Porsche Carrera RSR zilizofanana kwa kila kitu. Hakuruhusiwa kugusa springi wala chuma cha kuzuia mlalo. Kati ya mbio nne alishinda tatu, ya mwisho ikiwa Daytona, Februari 1974. Baada ya hapo alitangaza kustaafu.

Kustaafu hakukudumu. Penske alikuwa ameunda gari la Formula One, na kabla ya mwaka 1974 kwisha Donohue alikuwa amerudi kwenye usukani. Huko njia yake ilikutana na ukuta. Duara na daftari vinahitaji muda, na Formula One haikutoa muda: kila baada ya wiki mbili uwanja mpya, nchi mpya, siku mbili za mazoezi, na wapinzani waliozijua kona hizo tangu ujana. Matokeo yake bora mwaka 1975 yalikuwa nafasi ya tano, mara mbili, nchini Sweden na Uingereza. Katikati ya msimu Penske aliliweka pembeni gari lake mwenyewe na kununua la kampuni ya March.

Agosti 9, 1975, katika mapumziko kati ya mbio hizo, Donohue alirudi Marekani na kuliendesha tena lile Porsche 917/30 katika uwanja wa Talladega, Alabama. Aliweka rekodi ya dunia ya uwanja wa kuzunguka, takriban kilomita 356 kwa saa. Kisha akapanda ndege kwenda Austria.

Asubuhi ya Jumapili, Agosti 17, madereva walikuwa katika mazoezi ya mwisho kwenye uwanja wa Österreichring. Katika kona ya kwanza ya kasi, juu ya kilima, tairi la mbele la kushoto la gari la Donohue lilipasuka. Gari liliacha barabara, likapita katika nyavu na kuruka kingo za chuma. Msimamizi mmoja wa uwanja aliuawa. Donohue mwenyewe alitolewa akiwa na fahamu, akaongea na waliomzunguka, na kwa muda ilionekana ameponea chupuchupu. Kichwa chake, hata hivyo, kilikuwa kimegonga kitu kigumu. Maumivu yalizidi, akapelekwa hospitali mjini Graz, akafanyiwa upasuaji kwa sababu ya damu iliyovuja katika ubongo. Alifariki dunia Agosti 19.

Dereva anaweza kupima upepo wa tairi, joto lake na mzigo unaoliangukia. Hawezi kuona namna nyuzi zilivyoshikamana na mpira ndani ya tabaka zake. Sehemu hiyo hubaki mikononi mwa kiwanda. Familia yake ilikwenda mahakamani kuhusu jambo hilo hilo, na mwaka 1984 baraza la mahakama katika jimbo la Rhode Island liliamua kwamba kampuni ya matairi ya Goodyear iwalipe zaidi ya dola milioni 9. Ilikuwa nadra kwa mahakama kukubali hoja ya aina hiyo, kwani desturi ilikuwa kusema anayeingia mbioni ameikubali hatari yote.

Kitabu chake kimechapishwa tena mara kadhaa, na kurasa zinazoeleza duara bado husomwa na vijana wanaoandaa magari yao kwa ajili ya uwanja. Penske aliendelea, na kambi yake imeshinda Indianapolis mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

Donohue aliacha watoto wawili wa kiume. David alikuwa na miaka minane baba yake alipofariki. Januari 2009, akiwa na wenzake watatu katika gari lenye injini ya Porsche, alishinda mbio za saa 24 za Daytona, ambazo Mark alizishinda mwaka 1969 akiwa na Lola. Baada ya saa 24 za kuendesha, tofauti kati yao na gari la pili ilikuwa sekunde 0.167.